Namna ya Kuandika Safu ya Mazungumzo kwa Mtindo wa Magazeti ya Zamani

Safu ya mazungumzo ni makala fupi ya gazetini ambamo jambo la mji huletwa kwa maongezi: watu wawili wamekaa mahali, wanavutana juu ya kitu kimoja, na msomaji anasikiliza kama aliyevuta kigoda akaketi nao. Wengi wanaoijaribu leo, Tabora, Kigoma na kwingineko, humaliza nguvu zote kumtengeneza msemaji. Hutafuta mzee mwenye maneno mengi, methali tele na jibu la kila swali. Safu ya namna hiyo hufika wiki ya tatu ikiwa imechoka. Anayeibeba safu ni yule wa pili: anayeuliza, anayetilia shaka, mwenye jambo lake mwenyewe analolitaka. Kwa hiyo mwongozo huu unampa huyo nafasi kubwa kuliko msemaji.

Walivyofanya waliotutangulia

Fomu hii ni kongwe. London, mwaka 1709, Richard Steele alianzisha The Tatler na kuzigawa habari zake kwa majina ya nyumba za kahawa na chokoleti ambako watu walikutana kuzungumza: mambo ya starehe yalitoka White's, mashairi yalitoka Will's, elimu ilitoka Grecian, habari za nje zilitoka St James's. Msomaji alijua ni watu wa aina gani wanaongea kabla hajasoma sentensi ya kwanza. Jina la mahali lilimwondolea mwandishi aya nzima ya utangulizi.

Chicago, mwaka 1893, Finley Peter Dunne alimweka Bwana Dooley, mwenye baa wa asili ya Ireland, nyuma ya kaunta yake. Msikilizaji wake anayekumbukwa zaidi ni Hennessy. Hennessy husema machache, lakini mwondoe uone: Dooley anageuka mhubiri. Halafu mwaka 1943, katika gazeti la Chicago Defender, Langston Hughes akaanza kumleta Simple, mtu wa kawaida wa Harlem, New York, akizungumza na mwenzake anayesema lugha ya shule. Hakuna anayemshinda mwenziwe moja kwa moja. Yule wa shule ana ufasaha, Simple ana maisha, na mvutano huo uliilisha safu kwa miaka mingi.

Huku kwetu, gazeti la Msimulizi lilitoka Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Kiongozi likatoka Tanga mwaka 1904. Mambo Leo likaanza Januari 1923 Dar es Salaam. Gazeti la Kwetu la Erica Fiah likafuata mwaka 1937. Ukiyasoma, angalia hasa barua za wasomaji na mashairi ya kujibizana. Mwandishi wa barua humsalimu mhariri, hueleza kisa, huuliza, na toleo linalofuata huja mtu wa mji mwingine kumjibu. Mazungumzo yalikuwa yakipita kati ya mji na mji kwa njia ya posta, na kanuni zake ni zilezile za safu: kila anayesema anajua kuna mtu atakayemjibu.

Nakala za magazeti haya hupatikana katika sehemu ya East Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukipata safu moja au barua mbili nzuri, zinakili kwa mkono. Kisha chukua kalamu mbili. Ya kwanza ipigie mstari kila swali na kila kauli ya kukataa. Ya pili kila mahali mtu anapofanya jambo kwa mikono yake. Utaona kwamba alama hukaa karibu karibu, na pale zinapokosekana kwa mistari kumi ndipo macho yako yalipochoka. Zoezi hili lina faida kuliko kusoma nadharia ya makala mwezi mzima.

Jambo liwe dogo

Chagua kitu ambacho mhusika anaweza kukinyooshea kidole. "Ugumu wa maisha" hauonyesheki. Kopo la kupimia dagaa lililobonyea kitako linaonyesheka, na ndani yake mna ugumu wa maisha wote utakaouhitaji. Jipime hivi: andika jambo lako kwa sentensi moja yenye mtu, kitendo na kitu. "Shangazi anauza dagaa kwa kopo lililobonyea." Sentensi ikikataa kukaa bila neno kama hali, suala au changamoto, bado hujapata jambo, una mada tu.

Kisha kalithibitishe. Nenda sokoni, mimina dagaa kutoka kopo zima kwenda kopo lililobonyea, uone zinabaki ngapi. Safu huchukua uhuru wa kubuni wahusika, lakini bei, kipimo na msimu lazima viwe vya kweli, maana msomaji wa Mwanga au Ujiji, Kigoma, anavijua kuliko wewe. Mfano hai ni mbalamwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa haziwavuti samaki vizuri, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika. Ukiandika safu ya uhaba wa dagaa ukaiweka katika usiku wa giza totoro, watu wa mwalo wa Kibirizi hawatasoma aya ya pili. Tabora nako kumbikumbi na uyoga hufuata mvua za kwanza. Weka kalenda ya mwezi na misimu ukutani juu ya meza ya kuandikia.

Watu wawili na deni lililo kati yao

Kabla ya kuandika neno moja la maongezi, jaza karatasi moja kwa kila mhusika: umri, kazi, anamwitaje mwenzake, anataka nini leo, na anamdai nini mwenzake tangu zamani. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo ndilo injini. Watu wasio na deni la namna yoyote kati yao huongea kwa adabu na kuagana.

Jinsi wanavyoitana huamua kiasi cha mafumbo utakachopata. Kijana hamwambii shangazi yake "umepunja". Atauliza habari za kopo. Atalisifu. Atauliza kama lilianguka. Heshima inamzuia njia iliyonyooka, naye analazimika kupita pembeni, na pembeni ndiko safu inakokaa. Ukiwafanya wahusika kuwa marafiki wa rika moja, maneno yatakuwa makali zaidi na mafupi zaidi. Ukiwafanya watani, wataweza kutukanana kwa uwazi, lakini hakikisha utani huo upo kweli kati ya watu wa pande hizo. Utani wa kubuniwa ukichapishwa huonekana matusi, na aliyetukanwa ana haki ya kukasirika.

Shikamoo na marahaba ziandike katika safu ya kwanza tu, ili msomaji ajue nani mkubwa. Baada ya hapo mwanzo uingie katikati ya maongezi. Salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, mwangaluka, au ya Kiha, mwakeye, yatosha kumweka mtu mahali pake bila maelezo mengine.

Mahali panapowazuia wasiondoke

Mahali pazuri ni pale ambapo wahusika hawawezi kuondoka upesi, na mikono ya mmoja wao ina kazi. Stesheni ya Tabora inafaa sana: hapo njia ya Mwanza na ya Kigoma huachana, mabehewa hupangwa upya, na abiria hukaa wakingoja. Mwalo unafaa wakati wa kuanika dagaa. Kijiwe cha kahawa kimetumika mno. Kitumie ikiwa tu una sababu.

Kwa mwandishi anayeanza, tunapendekeza kibanda cha fundi baiskeli, na sababu ni ya kiufundi kabisa. Kuziba pancha kuna hatua zinazojulikana: kutoa tyubu, kuizamisha kwenye beseni la maji na kutafuta mapovu, kuifuta, kukwangua kwa msasa, kupaka solusheni, kuiacha ikauke dakika chache, kubandika kiraka, kurudisha tairi na kujaza upepo. Hivyo ni vituo vinane vya kupumzika ulivyopewa bure. Kila mahali ungeandika "alisema kwa hasira" au "alinyamaza kidogo", weka hatua ya kazi. Mtu anayekwangua tyubu kwa nguvu kupita kiasi tumeshamwelewa. Tena kazi hiyo ina mwisho unaojulikana, kwa hiyo safu nayo ina saa yake: upepo ukijaa, mteja anaondoka.

Mfano, mbovu kisha mzuri

Hivi ndivyo wengi huanza:

— Shangazi, siku hizi kipimo cha dagaa kimepungua sana.
— Ni kweli mwanangu, wafanyabiashara wengine si waaminifu.
— Inabidi wananchi tuwe makini.
— Kabisa, maana haba na haba hujaza kibaba.

Wote wawili wanajua jambo lilelile, wanataka jambo lilelile, wanasema kwa sauti moja. Ukifuta alama za mistari hutajua nani amesema nini. Methali imebandikwa kwa sababu nafasi ilikuwepo. Tatizo kubwa zaidi: mwenye kosa hayupo kibandani, kwa hiyo hakuna wa kujitetea. Mrudishe: Shangazi mwenye kopo, mbele ya kijana ambaye ni fundi baiskeli.

— Shangazi, kopo hili ndilo la wiki iliyopita?
— Ndilo. Kwani limebadilika sura?
— Sura ileile. Kitako ndicho kilichoingia ndani.
— Lilianguka, mwanangu. Vya mkononi huanguka.
— Likaangukia kitako, kitako kikapanda juu, na mdomo usipinde hata kidogo?
— Wewe shika tyubu yako. Ile baiskeli ya mjukuu wangu ulisema ina matundu mawili, nikalipa viraka viwili. Juzi imeisha upepo, nikaifungua mwenyewe. Kiraka kimoja.
Fundi akazamisha tyubu kwenye beseni. Mapovu yakatoka upande mmoja.
— Cha pili kilibanduka.
— Basi na kopo langu lilianguka.

Angalia kilichotokea mstari wa sita. Aliyekuwa akishtakiwa amekuwa mshitaki, na jambo limepanuka kutoka kopo moja hadi vipimo vya mji mzima bila mtu kutamka neno "uaminifu". Geuko hilo likae kati ya theluthi ya kwanza na nusu ya safu. Likija mapema mno, huna kilichobaki. Likija mwishoni, msomaji amekwisha kukisia. Safu ya maneno mia saba hubeba mageuko mawili, matatu kwa shida. Katika mfano huu la pili lingeweza kuwa mteja wa tatu anayefika na kununua dagaa kwa kopo lilelile, na Fundi akanyamaza kwa sababu ya kiraka chake. Kunyamaza kwake kungekuwa jibu kubwa kuliko hotuba.

Lugha yenyewe

Maongezi ya gazetini yanaiga maongezi ya mdomoni kwa kuchagua. Ukirekodi watu wawili kwa simu na kunukuu neno kwa neno utapata kurasa za "yaani", "unaona", "eeh" zisizosomeka. Rekodi upate mpangilio wa sentensi, si maneno ya kujazia. Sikiliza jinsi mtu anavyotanguliza kitu ndipo alete kitendo: "Hii barabara ya sokoni, nani aliyesema itafungwa?" Huo ndio ulimi. Mwandishi wa ripoti angesema "Nani aliyesema kwamba barabara ya sokoni itafungwa?" na sauti ya mtu ingepotea.

Viungo vidogo vina kazi maalumu, kila kimoja yake. Kumbe huja mtu anapogundua, basi anapogeuza au kukubali kwa shingo upande, ati anaporudia maneno ya mwingine asiyoyaamini, si anapomkumbusha mwenziwe wanachokijua wote, hebu anapotaka kushika au kuona. Kimoja katika kila kauli nne au tano kinatosha. Vikizidi, wahusika wote huanza kusikika kama waigizaji wa redio.

Sehemu za masimulizi zipe -ka-: akaja, akaketi, akavua kofia. Tabia zipe hu-. Aya ziwe za sentensi mbili au tatu, kwa sababu safu ya gazeti ni nyembamba na aya ya sentensi saba ikichapwa humo hushuka hadi chini ya ukurasa kama ukuta.

Lafudhi iandikwe kwa tahadhari kubwa. Dunne aliandika matamshi ya Dooley herufi kwa herufi, na leo hata wenye lugha yao hupata taabu kumsoma. Msemaji aliyevuka kutoka Kalemie au Uvira, au mzee wa Kasulu ambaye Kiha ndiyo lugha yake ya kwanza, atambulike kwa neno moja au mawili anayoyapenda na kwa mwendo wa sentensi zake. Kubadilisha r kuwa l katika kila neno lake ni kumdhihaki, na pia ni kazi mbovu: msomaji anasimama kutafsiri tahajia badala ya kusikia mtu.

Methali moja kwa safu, tena afadhali aikosee au aikatize. Kauli ya "kama unavyojua" ifute kila uionapo. Kama mwenzake anajua, hana haja ya kuambiwa. Unamwambia msomaji kwa mlango wa nyuma, naye huona. Habari ambayo msomaji lazima aipate mpe yule wa pili kama swali au kama kosa linalohitaji kusahihishwa: "Si walisema mitumbwi inatoka leo?" "Na mwezi huu ulivyo?" Tayari tumejua kwa nini dagaa hamna.

Kazi ya siku ya kuandika

Andika maongezi matupu kwanza, bila mahali, bila vitendo, bila majina mbele ya mistari. Fika maneno mia tisa. Mpe mtu asome na kukuambia nani amesema kila mstari. Akikosea mara tatu, rudi kwenye zile karatasi mbili za wahusika, maana kasoro iko huko na haiponi kwa kubadilisha maneno.

Kisha weka kazi ya mikono. Ndipo ukate. Kata kwanza mistari miwili ya mwanzo: karibu kila rasimu huanza mapema kuliko inavyotakiwa. Kata kila jibu la "ndiyo" lisilo na nyongeza. Kata kivumishi cha sauti na uso. Shuka hadi mia saba. Mia nane ikiwa mhariri ana nafasi. Isomwe kwa sauti na watu wawili, mwandishi akinyamaza na kufuata kwa kalamu. Mahali msomaji anapojikwaa weka alama hata kama sentensi ni sahihi kisarufi. Mahali anapoongeza neno lake bila kujua, mara nyingi neno hilo lilitakiwa liwepo.

Mwisho wa safu uache katika kinywa cha mmoja wao, jambo likiwa bado wazi. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa waandishi waliofundishwa insha, kwa sababu mkono umezoea kuhitimisha. Mwandishi akiingia mwishoni kueleza tumejifunza nini, amemwambia msomaji kwamba mazungumzo yote yalikuwa danganya toto. Katika mfano wetu safu ingeweza kukomea hapa, upepo ukiwa umejaa:

— Basi niongezee konzi moja, Shangazi.
— Konzi ya mkono wa nani, wangu au wako?

Kabla ya kuipeleka, pitia majina. Mhusika asifanane na mtu halisi wa mtaa wako kwa jina, kazi na mahali kwa pamoja. Badilisha viwili kati ya vitatu. Ukitaja ofisi au kampuni kwa kosa, uwe na ushahidi kama unavyodaiwa katika habari, kwa kuwa kashfa ni kashfa hata ikivaa kanzu ya hadithi.

Kuidumisha wiki hadi wiki

Weka daftari la mambo yaliyokwisha kusemwa: Fundi ana watoto wangapi, Shangazi alihamia Ng'ambo lini, nani anamdai nani. Wasomaji wa safu hukumbuka kuliko mwandishi, na mjukuu aliyekuwa darasa la tano mwezi wa tatu akirudi la nne mwezi wa sita, barua zitakuja. Kila baada ya safu nne au tano mbadilishie yule wa pili upande, awe ndiye mwenye kosa au ndiye mwenye habari, la sivyo atageuka kuwa mtu wa kuitikia. Uwe na safu tatu za akiba zisizotegemea tukio la wiki, zikiwa na tarehe ya msimu wake pembeni, ili ile ya uyoga isije ikachapishwa Agosti.